Uzi: Jamii ya watu-dubu kwa mchezaji wa Dungeons & Dragons, tuanzie wapi?

Mwanzisha uzi (South B)

Wadau, salaam. Kundi letu linajiandaa kuanza kampeni mpya ya Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu), toleo la tano, na hadithi yote itatukia katika nyanda za juu za kubuni zinazofanana na Nyandarua na Mlima Kenya: ukungu, misitu ya mianzi, baridi kali ya alfajiri, na barafu kwenye vilele. Mmoja wetu, dada anayeingia mchezoni kwa mara ya kwanza, ameomba jambo moja tu, nalo ni kucheza mhusika ambaye ni dubu. Hataki mganga anayejigeuza dubu kwa saa moja kisha akarudi kuwa mtu. Anataka awe dubu anapoamka, anapokula, anapobishana bei sokoni na anapolala.

Mimi ndiye msimamizi wa mchezo. Nimepekua kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 na kile cha 2024 na sikuona jamii ya namna hiyo. Je, ipo mahali pengine, au nitunge mwenyewe? Na nikitunga, nitamzuiaje asiwafunike wenzake? Bajeti yetu ni ndogo, kwa hiyo njia isiyodai kununua kitabu kipya tutaipokea kwa shukrani.

Mdau wa Kasarani

Ndugu msimamizi, hongera kwa kulichukulia ombi la mchezaji mgeni kwa uzito huo. Wengi wangemwambia achague Elf, jamii ya kawaida ya mchezo, na mambo yaishe.

Katika vitabu vya toleo la tano vya Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, hakuna jamii ya watu-dubu iliyoandikwa kwa ajili ya wachezaji. Ukitafakari ni jambo la kushangaza, kwa sababu tuna watu-paka wanaoitwa Tabaxi, watu-simba wa Leonin, watu-tembo wa Loxodon, viboko wa Giff, kobe wa Tortle, sungura wa Harengon na hata bundi wa Owlin, lakini dubu hayumo. Bugbear hana uhusiano wowote na dubu. Ni ndugu wa goblin (zimwi dogo), mwenye mikono mirefu na tabia ya kuvizia. Quaggoth, yule wa mapango ya chini kabisa, ana manyoya na umbo linalokaribia dubu, ila ameandikwa kama adui, na wasifu wake wa ukatili haumfai mtu anayetaka kubishana bei sokoni.

Wa tatu ni Werebear, mtu anayegeuka dubu, na huyu nakuomba umkwepe kwa uangalifu zaidi kwa sababu anavutia. Kwa tabia ni kiumbe mwema, mpweke, anayejitenga na watu kwa hofu ya madhara ambayo hasira yake inaweza kuwaletea wasio na hatia, na hadithi yake ni nzuri sana. Lakini kanuni zake za 2014 zinampa Nguvu ya 19 papo hapo, pamoja na kinga kamili dhidi ya silaha za kawaida zisizo za kichawi wala za fedha. Mhusika wa ngazi ya kwanza mwenye kinga hiyo atasimama katikati ya majambazi ishirini bila mkwaruzo, na wenzake watabaki watazamaji.

Jamii rasmi iliyo karibu zaidi na dubu kwa maneno ya kitabu chenyewe ni Shifter wa ulimwengu wa Eberron, tawi la Beasthide, ambalo limeelezwa wazi kuwa kwa kawaida huhusishwa na dubu au nguruwe mwitu. Kwa tendo la ziada anajibadilisha kwa dakika moja, anapata pointi za uhai za muda na ulinzi wake unapanda kwa 1. Ni jamii nzuri na haivurugi mizani. Kasoro yake kwako ni ileile ambayo dada huyo ameikataa: nje ya dakika hiyo, Shifter ni mtu mwenye sura ya mnyama kidogo tu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni Loxodon. Najua ni tembo, lakini soma sifa zake ukiwa umefumba jicho moja kuhusu mkonga. Ngozi yake nene inampa ulinzi wa 12 pamoja na nyongeza ya Ustahimilivu akiwa hajavaa deraya, na dubu mwenye manyoya mazito na tabaka la mafuta chini yake anastahili hilo hasa. Ana pua kali inayomruhusu kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo juu katika majaribio ya utambuzi, uchunguzi na ufuatiliaji yanayohusu harufu. Anahesabiwa kuwa mkubwa zaidi ya umbo lake anapobeba, kusukuma au kuinua mizigo. Ana utulivu wa moyo unaomsaidia dhidi ya hofu na ushawishi wa kichawi. Nyongeza zake za asili ni 2 kwa Ustahimilivu na 1 kwa Hekima. Ondoa mkonga, weka makucha ya dadu ya pande 6, na umepata dubu mtu mzima, mtulivu, mgumu kuuawa, anayenusa mvua kabla haijafika. Makucha hayo si upendeleo, kwa kuwa tangu mwaka 2022 Tabaxi na Tortle nao wamepewa makucha ya kiwango hicho.

Nimependa njia hii kwa sababu inajibu swali lako la pili kabla hujaliuliza mara ya pili. Loxodon amechezwa mezani tangu 2018, uzito wake unajulikana, na wewe unabadilisha kiungo kimoja tu. Anayetunga jamii nzima kutoka sifuri huongeza sifa kwa mapenzi na kusahau kupunguza.

Mdau wa Ngara

Naheshimu hoja ya Loxodon, ila nadhani inamwacha dubu akiwa mpole kupita kiasi. Mtu anayesema anataka kuwa dubu anataka pia siku moja asimame kwa miguu miwili, angurume, na adui arudi nyuma. Leonin ana sifa hiyo tayari: kwa tendo la ziada anapiga ngurumo, na viumbe anaowachagua ndani ya futi 10 hufanya jaribio la Hekima au waingiwe na hofu hadi mwisho wa zamu yake inayofuata, mara moja kwa kila pumziko fupi au refu. Ana makucha, anaona gizani, na nyongeza zake ni Ustahimilivu na Nguvu. Mvue Leonin sharubu na mkia, punguza mwendo wake kutoka futi 35 hadi 30 ukipenda, na kazi imekwisha.

Kuhusu bajeti, kuna njia isiyogharimu hata shilingi. Kanuni za msingi, yaani SRD 5.1, zilitolewa Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, na mtu yeyote anaweza kuzipakua na kuzitumia. Loxodon na Leonin hawamo, lakini Half-Orc, jamii ya nusu mtu nusu zimwi, yumo. Akifikishwa sifuri bila kuuawa papo hapo, anaweza kubaki na pointi 1 ya uhai badala ya kuanguka, mara moja kwa kila mapumziko marefu. Pigo lake la kipekee (dadu ya shambulio ikitoa 20) la silaha ya mkononi linaongezewa dadu moja. Ana umahiri wa kutisha watu, na nyongeza za 2 kwa Nguvu na 1 kwa Ustahimilivu. Badilisha maelezo ya sura, usiguse kanuni hata moja, na unaye dubu mkali aliye halali kabisa.

Mdau wa Kasarani

Ngurumo ya Leonin ni sifa nzuri na sibishi. Ninachopinga ni kumfanya dubu kuwa simba aliyenenepa. Dubu wa kahawia hupata sehemu kubwa ya chakula chake kwenye mimea, mizizi na matunda. Dubu mweusi wa Marekani hupanda miti kwa wepesi. Dubu aina ya sloth wa India na Sri Lanka anaishi kwa mchwa kiasi kikubwa, anawafyonza kwa midomo yake mirefu, na hana meno mawili ya juu ya mbele, jambo linalomrahisishia kazi hiyo. Nani kati yetu aliyelelewa magharibi mwa nchi asiyeielewa raha ya kumbikumbi? Mpe mhusika wako tabia hiyo, asimame nje ya kijiji baada ya mvua akiwangojea, na wachezaji watampenda kabla hajapigana vita vyake vya kwanza.

Nasema hivi kwa sababu dubu tunayemjua Nairobi ni wa katuni na wa filamu za theluji, na hivyo tunadhani wote ni wa aina moja. Spishi ziko nane, kuanzia dubu wa barafu hadi yule mdogo wa jua wa kusini-mashariki mwa Asia, ambaye uzito wake kwa kawaida hauvuki kilo 65. Kwenye milima ya Andes yuko dubu mwenye alama za miwani usoni, anayeishi katika misitu ya ukungu. Kwa kampeni ya nyanda za juu zilizo karibu na ikweta, huyo wa Andes ndiye kielelezo ambacho ningekuwa nacho mezani.

Mdau wa Embakasi

Mimi ni mzaliwa wa Nandi, na nimesubiri kuona kama kuna mtu atamtaja Nandi Bear. Hakuna aliyemtaja, basi nitamtaja mimi, kwa faida na kwa tahadhari.

Mwanzoni mwa karne ya 20, walowezi na maofisa wa kikoloni waliandika habari za mnyama mkubwa aliyeonekana magharibi mwa Kenya, mwenye mabega yaliyoinuka na mgongo ulioteremka kuelekea nyuma, wakamwita dubu wa Nandi. Hapakupatikana ngozi wala fuvu lililothibitisha kuwapo kwake. Baadhi ya watu walidhani ni fisi mkubwa, na wengine walimhusisha na mnyama wa kale mwenye makucha aliyekwisha toweka, aitwaye chalicothere. Kwa msimamizi wa mchezo huyo ni zawadi: umbo la mabega marefu na mgongo wa mteremko linampa mtu-dubu wako sura ambayo haifanani na picha ya kitabu chochote cha Marekani.

Tahadhari yangu ni hii. Waandishi wengine walimchanganya mnyama huyo na Chemosit, na Chemosit wa masimulizi yetu si mnyama wala si dubu. Ni zimwi mla watu, anayesimuliwa kuwa nusu mtu nusu ndege. Tafadhali msilichukue jina hilo mkalibandika kwenye jamii ya watu wema wenye manyoya. Tungeni jina lenu.

Kwa wale watakaosema dubu hana mahali barani Afrika, Afrika Kaskazini ilikuwa na dubu wa milima ya Atlas hadi karne ya 19, na huko Langebaanweg, Afrika Kusini, yamepatikana mabaki ya Agriotherium, mnyama wa ukoo wa dubu aliyeishi takriban miaka milioni 5 iliyopita. Sisemi kwamba mchezo wa kubuni unahitaji ruhusa ya visukuku. Nasema kwamba mchezaji huyo hatakuwa mgeni katika bara hili.

Mwanzisha uzi (South B)

Nimesoma yote kwa makini na nimemsomea dada huyo pia. Amelipenda umbo la mabega na amecheka sana kuhusu kumbikumbi, kisha akasema ndiyo, atakula. Tuna maswali matatu. Kwanza, anataka awe mkubwa kweli, wa kujaza mlango. Pili, anauliza kama usingizi mrefu wa dubu unaweza kuingia kwenye kanuni. Tatu, taaluma gani itamfaa? Anaogopa kwamba akichukua Barbarian, mpiganaji wa ghadhabu, atakuwa amefanya jambo ambalo kila mtu angelitarajia.

Mdau wa Kasarani

Kuhusu ukubwa, usimpe umbo la daraja la Large, yaani kubwa, kama hali yake ya kudumu. Katika kanuni za 2014 kiumbe huyo anachukua miraba minne kwenye ramani, na kila anapojibana katika njia ya futi 5, anagharimika mwendo maradufu, anashambulia kwa udhaifu (anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo chini) na wanaomshambulia wanapata upendeleo (wanachukua iliyo juu). Kampeni ya mapango na nyumba za nyasi itamgeuza mzigo kwa wenzake. Juu ya hilo, watu watadai apewe silaha kubwa zenye dadu maradufu, na hapo mizani yote imekwenda. Waandishi wa mchezo walikwisha kupata suluhu: mwili wa daraja la kati, lakini uwezo wa kubeba wa daraja la juu. Mhusika mwenye Nguvu ya 16 hubeba ratili 240, yaani kilo 109 hivi. Kwa sifa hiyo hubeba 480, karibu kilo 218. Mweleze dada kwamba atakuwa na urefu wa futi saba na nusu na atamtoa rafiki aliyezirai pangoni begani, pamoja na mzigo wa rafiki huyo. Mlango utajaa.

Mkitumia kanuni za 2024, Goliath, jamii yenye asili ya majitu, akifikia ngazi ya 5 anaweza kukua kuwa Large kwa dakika 10, mara moja kwa kila mapumziko marefu, akipata upendeleo katika majaribio ya Nguvu na futi 10 za mwendo. Goliath huyo yumo katika SRD 5.2, ambayo pia ni bure. Sifa hiyo moja unaweza kuiazima kwa dubu wako badala ya sifa nyingine, si juu yake.

Ili uone kwa nini nasisitiza mizani, mtazame dubu wa kahawia katika orodha ya viumbe ya 2014. Ana pointi 34 za uhai na anashambulia mara mbili kwa zamu, kwa meno na kwa makucha. Mhusika wa ngazi ya kwanza ana pointi kumi na kitu, na shambulio la pili kwa Fighter na Barbarian linakuja ngazi ya 5. Mtu-dubu hawezi kuanza na mwili wa dubu mzima, anakua kuuelekea.

Swali la usingizi ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Dubu mweusi anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, kunywa wala kukojoa, mapigo ya moyo yakishuka sana, huku joto la mwili likipungua nyuzi chache tu, kwa hiyo anaweza kuamka akichokozwa. Usilifanye jambo hilo adhabu, kwa mfano kumlazimisha alale mwezi mzima wakati wenzake wanaendelea na hadithi. Lifanye akiba. Kanuni za 2014 zinasema mtu anaweza kukaa bila chakula siku 3 pamoja na nyongeza ya Ustahimilivu. Kwa mtu-dubu zidisha mara tatu. Katika kampeni ya milima yenye njaa na baridi, sifa hiyo itamfanya awe ndiye anayegawa mkate wake kwa wengine, na hilo ni la thamani kuliko pigo lolote.

Mdau wa Ngara

Nijibu la taaluma. Hofu ya kuwa Barbarian wa kawaida naielewa, lakini asiikatae bila kuisoma. Njia ya Totem ya dubu, mojawapo ya matawi ya Barbarian, katika kitabu cha 2014 inampa, akiwa katika ghadhabu, kupunguziwa nusu ya madhara ya kila aina isipokuwa ya kiakili. Kitabu cha 2024 kimepunguza nguvu hiyo kwa kuongeza madhara ya aina za Force, Necrotic na Radiant katika yale yasiyozuiwa, na naona walifanya vyema. Njia ya Beast, iliyotoka 2020, inampa makucha au meno ya ghadhabu, na meno hayo humrudishia uhai kidogo akiwa ameshuka chini ya nusu. Kwa mtu-dubu aliyejengwa juu ya Loxodon, ngozi nene na ulinzi wa Barbarian bila deraya hazijumlishwi. Anachagua hesabu moja iliyo kubwa.

Kama anataka kitu kisichotarajiwa, Cleric, yaani kuhani mganga, ni chaguo ambalo ningelitetea mbele ya yeyote. Hekima tayari iko juu, harufu inamwezesha kutambua maradhi na sumu kabla ya wengine, na mganga wa futi saba anayemfunga mtoto bandeji kwa vidole vyenye makucha ni mhusika ambaye kundi litamkumbuka.

Mdau wa Embakasi

Niongeze jambo moja la utamaduni, kwa kuwa kanuni zimejadiliwa vya kutosha. Kila mtu ataandika watu-dubu wanaopenda asali, na si vibaya, lakini tuna jamii halisi, Waogiek wa msitu wa Mau, ambao urinaji wa asali ni sehemu ya maisha na heshima yao. Msiwachore watu-dubu kwa mavazi, lugha au desturi zao. Waacheni wawe na biashara yao: labda wao ndio wanaojua njia za barafu na wanatoza ushuru wa kupitisha misafara, labda wanatunza ghala za mbegu kwa ajili ya vijiji vya bondeni.

Mwanzisha uzi (South B)

Ghala za mbegu tumezichukua, asante sana mzaliwa wa Nandi. Uamuzi wetu ni huu: mwili wa Loxodon bila mkonga, makucha ya dadu ya pande 6, akiba ya chakula mara tatu, na ngurumo ya Leonin badala ya ule utulivu wa moyo, kwa sababu dada amesema dubu wake ni mwoga wa uchawi na anataka hofu hiyo iwe ya kweli mezani. Atakuwa Cleric, mtunza ghala aliyeshuka milimani kutafuta mbegu zilizoibiwa.

Swali la mwisho: makucha hayo yahesabiwe kama silaha au kama ngumi?

Mdau wa Kasarani

Kubadilisha utulivu kwa ngurumo ni badiliko la haki, kwa kuwa moja inakinga na nyingine inashambulia mara chache. Ila msiongeze kingine.

Makucha yahesabiwe kama shambulio la mkono mtupu, kama ilivyo kwa Leonin na Tabaxi, kwa kutumia nyongeza ya Nguvu. Maana yake ni kwamba hawezi kunyang'anywa akitiwa gerezani, lakini uchawi unaodai kugusa silaha hautayaongezea kitu. Na kwa kuwa atakuwa Cleric, mkumbushe abakize mkono mmoja huru kwa ajili ya uganga wake huku mkono wa pili ukishika ngao. Faida ya ngao inajumlishwa na ngozi nene, na hapo ulinzi wake utakuwa mzuri tangu siku ya kwanza.